Hodi Hewani: Sauti Kutoka Gachoka na Stara ya Nyumba Zetu

Wengi wetu huku Pwani tunaijua nchi ya Mbeere kwa jani moja tu. Mwezi wa Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoupiga marufuku muguka, jina la Embu lilikuwa kinywani mwa kila mama mwenye kijana wa kiume, na wala halikutajwa kwa wema. Lakini Mbeere ina watu, na miongoni mwao wamo wana wetu: walimu waliopangiwa shule za huko, wauguzi, wafanyabiashara, na mabinti walioolewa bara. Gachoka, soko lililo kati ya Embu na Kiritiri, iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Mombasa kwa mwendo wa ndege. Hata hivyo mama aliyeko Likoni humwona mwanawe wa Gachoka usiku baada ya swala ya isha, akamuuliza amekula nini, na akamkemea kwa kukonda.

Makala haya yanaifuata sauti hiyo njiani. Inapita wapi hata ikatufikia? Ni nini kinachoikatakata mpaka tukasikia nusu ya neno? Na ni nani mwingine awezaye kuisikia, au kuiona picha ya binti aliyevua mtandio kwa kuwa anadhani yumo ndani na mamake peke yao?

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Mlango wa intaneti ya Gachoka ni Mombasa yetu hii. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua hapa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo nchi nzima ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu kwa intaneti, kwa bei ghali na mwendo wa kobe. Video aitazamayo mwanafunzi wa Mbeere kutoka ng'ambo yaelekea imepita chini ya mchanga wa fukwe tunazopungia upepo sisi. Kutoka hapa nyaya huelekea Nairobi na miji mikubwa ya bara. Tatizo huanzia pale miji inapokwisha.

Nchi ya Mbeere ni ya vilima na mabonde makavu, inayoteremka kutoka upande wa Mlima Kenya hadi mto Tana, mto uleule unaomwaga maji yake Kipini. Mpakani mwake kusini yamepangana mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Nyumba zimetawanyika, moja huku na nyingine ng'ambo ya korongo. Kuchimba mtaro wa waya hadi kila mlango ni gharama isiyorudi, kwa hiyo kinachobaki ni hewa. Mnara mmoja huupokea ujumbe kutoka mnara mwingine kwa mawimbi ya redio, nao huupeleka mbele, mpaka ufike kwenye simu ya mtu.

Wimbi la redio lina tabia zake. Katika masafa yanayotumiwa na waifai, husafiri kwa mstari ulionyooka na hupenda kuona linakokwenda. Kilima kikiingia kati, limekwisha. Hata kuonana kwa jicho hakutoshi, maana wimbi halipiti kama uzi; hupita kama mtumbwi, jembamba kwenye ncha mbili na nene katikati. Kwa waifai ya gigahezi 2.4 inayovuka kilomita 10, tumbo la mtumbwi huo lina nusu kipenyo cha takriban mita 18. Wahandisi hutaka walau asilimia 60 ya nafasi hiyo iwe tupu. Ndiyo maana fundi atasimama juu ya paa la duka, auone mnara wa kilima cha pili kwa macho yake mawili, na bado mawasiliano yakawa ya kusuasua kwa sababu ya miti iliyo bondeni chini ya mstari. Mvua zinyeshapo na majani yakachanua, hali huwa mbaya zaidi, kwani majani mabichi yamejaa maji, na maji huyameza mawimbi hayo.

Njia ikiwa wazi, lakini, umbali unaofikiwa ni wa kustaajabisha. Mwaka 2007 huko Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyo umbali wa kilomita 382 kwa vifaa vya waifai vya kawaida vilivyofungwa antena kubwa. Umbali huo haupungui sana ule wa Gachoka na Mombasa.

Katika kazi kama hiyo, mlima si kikwazo pekee; kuna na subira ya mashine. Kila kifaa cha waifai kikituma kipande cha ujumbe hungoja jibu la "nimepokea". Kiwandani kimepangwa kungoja muda mfupi mno, kwa kuwa kimetengenezwa kwa ajili ya sebule na ofisi. Ukikipeleka kilomita 30, wimbi lahitaji sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde kwenda, na muda kama huo kurudi. Kifaa hakingoji. Hudhani ujumbe umepotea, kikautuma tena na tena, na hewa yote ikajaa marudio. Ni kama mgeni anayepiga hodi mara moja, akaondoka kabla ya mwenye nyumba kuvaa viatu, kisha akarudi kupiga tena. Sisi tumefunzwa hodi tatu na kungoja baina yake. Mafundi wa masafa marefu hukifunza kifaa adabu hiyohiyo: huongeza muda wa kungoja.

Jaribio mashuhuri zaidi la aina hii katika eneo hilo la nchi lilifanyika upande wa pili wa Mlima Kenya, huko Laikipia. Mwaka 2013, kampuni ya Microsoft kwa kushirikiana na serikali ya Kenya na wengine ilianzisha karibu na Nanyuki mradi uliopewa jina la Mawingu. Walitumia nafasi zilizo tupu katika masafa ya televisheni, yaani chaneli ambazo hakuna kituo kinachozitumia katika eneo husika. Masafa hayo yako chini kuliko ya waifai, na wimbi lake refu hupenya majani na kupinda kidogo juu ya vilima. Minara ilipata umeme wa jua. Shule ya Sekondari ya Gakawa na zahanati ya Burguret zilikuwa miongoni mwa waliounganishwa mwanzoni. Baadaye, mwaka 2021, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweka utaratibu rasmi wa kutumia nafasi hizo, na mwaka huohuo ikaweka leseni ya mitandao ya kijamii, ambayo wanakijiji wenyewe huimiliki na kuiendesha. Nionavyo mimi, hatua hiyo ya pili ndiyo kubwa. Maputo ya Loon yaliyoruka kilomita 20 angani kwa ushirikiano na Telkom mwezi wa Julai 2020 yalitangazwa kwa vishindo, na kufikia Januari 2021 mradi ulikuwa umetangazwa kufungwa. Mlingoti ulio mikononi mwa wenyeji wanaojua kuutengeneza unaweza kubaki kampuni ikishaondoka.

Sasa tuje kwenye kelele. Wazee wetu waliokuwa wakiitafuta Sauti ya Unguja usiku, kidole kwenye kitufe cha redio, wanajua fika maana ya stesheni moja kuipanda nyingine: taarabu iko katikati ya ubeti, mara anaingia mtu asiyejulikana anasoma habari kwa lugha ya mbali. Mawimbi ya masafa ya kati huakisiwa na tabaka la juu la anga usiku na kusafiri mbali sana, hivyo stesheni zisizosikika mchana huja kugombania nafasi moja. Waifai ina ugomvi kama huo, ila chanzo chake ni majirani.

Masafa ya gigahezi 2.4 yameachwa wazi kwa kila mtu, bila kuomba leseni ya kipekee ya chaneli. Humo wamejazana waifai, Bluetooth, baadhi ya vifaa vya kusikilizia watoto wachanga, na jiko la maikrowevu, ambalo hutoa mawimbi ya karibu na hapohapo na huvujisha kiasi kidogo likiwashwa. Ruta hutupa orodha ya chaneli 11 au 13, lakini hizo zimelaliana. Zisizogusana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Fikirini, basi, soko lenye maduka kumi na tano, kila duka na ruta yake, nyingine zikiuza intaneti kwa shilingi chache kwa siku, na kila mwenye ruta ameiongezea nguvu hadi mwisho ili amshinde jirani. Matokeo yake ni kama harusi yenye ngoma tano katika ua mmoja. Kuongeza sauti hakusaidii. Fundi mwenye akili hupunguza nguvu, huchagua antena inayoelekeza wimbi upande mmoja tu, na akiweza huhamia gigahezi 5, ambako chaneli ni nyingi zaidi ingawa ukuta huzizuia kwa urahisi. Huku kwetu, katika magorofa ya Majengo na Kisauni, msongamano ni mkubwa kuliko wa soko lolote la Mbeere, na dawa ni hizohizo.

Watu wanaoishi karibu na mabwawa ya Tana huweza kudhani kuwa ni nyaya nene za umeme zinazoharibu intaneti yao. Kweli, nyaya hizo hutoa mlio, na redio ya masafa ya kati ikipelekwa chini yake hukoroma. Lakini kelele hiyo hufifia kadiri masafa yanavyopanda. Ikifika kwenye waifai huwa ndogo mno. Ruta ya jirani ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Iko na kelele ya makusudi. Kifaa kinapotaka kujitoa kwenye mtandao hupeleka ujumbe mfupi wa kuaga. Kwa miaka mingi ujumbe huo haukuwa na sahihi yoyote, hivyo mtu mbaya aliweza kuughushi: akaiambia ruta, kwa jina la simu yako, "kwaheri," nawe ukakatwa. Ukikatwa mara tatu au nne utaudhika na kutafuta mtandao mwingine. Hapo utauona mwingine wenye jina lilelile, una nguvu, na hauna neno la siri. Ameuweka yeye. Ukiingia, utaletewa ukurasa unaofanana na ule wa kulipia intaneti, nao utakuomba namba yako ya siri ya M-Pesa. Hakuna muuza intaneti wa halali anayehitaji namba hiyo kuandikwa katika ukurasa wake. Namba ya siri ya M-Pesa huingizwa katika menyu ya M-Pesa yenyewe au katika kisanduku kinachotokea chenyewe kwenye simu, kikionyesha jina la anayelipwa.

Hapa ndipo kelele na usalama vinapokutana, na ndipo jambo hili linapogusa stara. Nyumba zetu zimejengwa kwa kuta. Mwanamke akiingia ndani huvua buibui kwa kuutegemea ukuta, mlango, na adabu ya hodi. Sura ya Nur imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu, na Sura ya Hujurat imekataza kupelelezana. Wimbi la redio, hata hivyo, haliujui ukuta. Linatoka nje ya dirisha, linavuka uchochoro, linamfikia aliyekaa barazani kwa jirani. Kila hatua mhandisi anayoongeza ili mwalimu wa Gachoka afikike, humwongezea pia nafasi asiyealikwa. Haiwezekani kulizuia wimbi lisipite. Kinachowezekana ni kulifumba, yaani kuuandika ujumbe kwa fumbo ambalo ufunguo wake anao mpelekaji na mpokeaji tu.

Mafumbo hayo yana historia ya kuvunjwa na kuundwa upya. La kwanza la waifai, WEP, watafiti walilivunja hadharani mwaka 2001. WPA2 ikaja mwaka 2004 na kudumu. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji akaonyesha ufa uliokuwa ndani yake, nao ulizibwa kwa masasisho ya programu kwa waliojali kusasisha. Mwaka 2018 ikatolewa WPA3, ambayo hulazimisha ule ujumbe wa kuaga uwe na sahihi. Ina na faida nyingine inayowahusu wanaogawana mtandao mmoja: katika WPA2, jirani anayelijua neno la siri, akijaliwa ujuzi na nia mbaya, anaweza kuyafumbua mazungumzo ya wenzake kati ya simu zao na ruta. Neno moja linalojulikana na nyumba kumi ni kama ufunguo uliotundikwa msumarini nje ya mlango.

Hata hivyo tusijitie hofu isiyo na mizani. Mazungumzo ya WhatsApp, ya sauti na ya picha, yamefumbwa tangu mwaka 2016 kutoka simu hadi simu, hata yakipita juu ya waifai ya wazi ya sokoni. Tovuti za benki na nyingi nyinginezo siku hizi zimefumbwa pia. Mwenye mtandao ataona umetembelea tovuti gani, lakini hataona uliyoandika humo. Kwa hiyo mama aliyeko Likoni na azungumze na mwanawe. Siku hizi, aliye barazani mwenye nia mbaya hupata mengi zaidi kwa kudanganya kuliko kwa kutega sikio.

Ninaloliogopa zaidi ni kamera. Zimekuwa rahisi, na aila nyingi zimeziweka ndani: mama yuko kazini na anataka kumwona mtoto na msaidizi wa nyumbani, au mume yuko Uarabuni na anataka kuona kwake kuko salama. Kamera hizi huunganishwa na waifai, nyingi zikija na jina na neno la siri la kiwandani, lilelile kwa maelfu ya kamera. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka ulimwenguni ikijaribu takriban jozi 60 tu za majina na maneno ya siri ya viwandani, na kwa hizo ikateka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu. Waliofanya hivyo walitaka kuzitumia kuangusha tovuti, hawakuwa na haja ya kutazama. Lakini mlango uliowaruhusu wao humruhusu mtazamaji vilevile. Kamera iliyowekwa sebuleni inapopita njia ya chumbani, katika nyumba ambamo wanawake hukaa bila mitandio wakijua hakuna ajnabi, ni jicho ambalo hatujui limeazimwa na nani.

Basi neno la kiwandani la kamera libadilishwe siku ileile inapofunguliwa sanduku, na la ruta lile la kuingilia kwenye mipangilio yake, ambalo ni jingine mbali na la waifai, na watu wengi hawajui hata kuwa lipo. Kamera ielekezwe mlangoni au uani. Ndani isiwepo, au kama haina budi, izimwe mwenye nyumba akirudi. Programu ya kamera na ya ruta isasishwe. Na fundi aliyekuja kufunga asiachiwe kuchagua neno la siri na kuondoka nalo, hata akiwa mtoto wa jirani tuliyemlea sote.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 imefanya kunasa mawasiliano ya mwingine bila idhini kuwa kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inambana anayekusanya taarifa za watu, akiwemo muuza intaneti anayeomba namba yako ya simu kabla ya kukuunganisha. Anayeuza intaneti kwa umma hutakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Si utovu wa adabu kumuuliza kama anayo, awe wa Gachoka au wa Kisauni.

Limebaki jambo la wageni, na sikukuu zinapokuja huwa kubwa. Mgeni akishapewa kahawa huuliza neno la siri la waifai, na kumnyima ni aibu. Ruta nyingi za sasa zinaweza kufungua mtandao wa pili, wa wageni, wenye jina na neno lake, unaowapeleka kwenye intaneti bila kuwaonyesha kamera, kompyuta na simu za nyumbani. Hufunguliwa katika mipangilio ya ruta, mara nyingi chini ya maandishi ya Kiingereza yenye maana ya mgeni. Nyumba za kale za Lamu zilikuwa na daka, mahali pa kumpokea mgeni kabla hajafika ndani. Mtandao huo wa pili ndio daka. Neno lake la siri liandikwe kwenye karatasi sebuleni, libadilishwe Shawwal ikiisha, na lile la ndani libaki na wa ndani.